Naomba ushauri: login ya app, niendelee na webviu au nihamie brauza?

Wakuu habari zenu. Niko Moshi, natengeneza app ya saccos moja ya wakulima wa kahawa huku Kibosho, wanachama waone akiba na mikopo yao kwenye simu. Kulogin tumetumia webviu, yaani ukurasa wa tovuti unafunguka humo humo ndani ya app, mtu anaweka namba ya uanachama na paswedi, app inachukua kuki (kumbukumbu ndogo inayoonyesha mtu keshaingia) maisha yanaendelea. Sasa viongozi wanataka watu waingie na akaunti za Google pia, na hapo ndo pamegoma, inaleta kosa la disallowed_useragent tu, yaani Google wanakataa login ya ndani ya webviu.

Nimesoma nikakuta Google walianza kuzuia webviu toka 2017, na RFC 8252 (mwongozo wa viwango vya intaneti kuhusu login za app) ya mwaka huo huo inasema app itumie brauza ya nje, kwa sababu app yenye webviu inaweza kusoma kila herufi ya paswedi. Kwa kweli wana haki kabisa, hizi ni hela za wazee wa watu.

Kuhamia Chrome Custom Tabs (brauza ya Chrome inayofunguka juu ya app) na PKCE (kinga ya kuzuia app nyingine isiibe login) sina shida. Ninachowaza ni mzee akiona brauza imefunguka si atadhani katoka kwenye app afunge? Halafu kulogauti, maana huku simu moja inatumiwa na mume na mke, mtu akilogauti kwenye app, kuki za kwenye brauza zinabaki, mama akiingia anakuta akaunti ya baba. Aliyewahi kufanya hii kwa watumiaji wa vijijini alitatuaje?