Naombeni ushauri: nafundisha kipindi cha dini, mtoto kaniuliza swali nimeshindwa kuendelea

MadamWaZiwani (mleta uzi)
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwalimu wa kike, shule ya msingi ya kanisa, Mwanza upande wa Ilemela. Nina Kiswahili la tano na la sita, na tangu Januari nimepewa kipindi cha dini darasa la nne. Wiki tatu zilizopita tulikuwa Marko 4, Yesu anatuliza dhoruba. Nilichora mtumbwi ubaoni wakafurahi sana, maana nusu ya darasa baba zao au wajomba zao wanashinda mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga. Nilipofika pale "Nyamaza, utulie", mtoto mmoja wa kiume akanyoosha mkono: "Madam, mbona kwa baba hakuamka?" Baba yake alizama mwezi wa tatu. Nikawaambia wachore mtumbwi kwenye madaftari, nikatoka nje mpaka kengele ikalia. Tangu siku hiyo kipindi kikikaribia tumbo linanikata. Nifanyeje?

Katekista Nyakato
Pole sana mwalimu. Huyo mtoto hakukosa adabu. Wanafunzi wenyewe ndani ya chombo waliuliza hilohilo: "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Sasa, ulimjibu nini baadaye?

Ibara ya 19
Mimi nina swali tofauti. Humo darasani hamna watoto wa Kiislamu? Shule za kanisa zinapokea kila mwenye ada. Katiba ya 1977 ibara ya 19 inalinda uhuru wa dini, basi mzazi aambiwe wazi siku ya kuandikisha mtoto kwamba kuna kipindi hicho, na mtoto wake atakuwa wapi wakati huo. Mwanangu alikaa chini ya mwembe mwaka mzima kila Alhamisi bila mtu wa kumwangalia.

Kijana wa Igoma
Madam omba Hisabati, huko hakuna dhoruba 😂

Mama Kirumba
Kijana, si mahali pa kucheka hapa. Mwaka 1996 nilikuwa la sita. Meli ya MV Bukoba ilipozama Mei 21 shangazi yetu alikuwa ndani, hatukumpata. Wengi walizikwa pale Igoma, na mpaka leo nikipita na daladala nageuza uso. Wiki ile mwalimu wetu wa dini alisimama mbele akasema Mungu hawaachi walio wake. Alikuwa anatufariji, najua. Lakini mimi niliondoka pale nikijua kwamba shangazi hakuwa wake. Nilibeba hilo mpaka nikazaa. Afadhali wewe uliyetoka nje kuliko kumjibu mtoto haraka.

MadamWaZiwani
Asante Mama Kirumba, nimelia. Katekista, sijamjibu. Nimeruka miujiza yote, sasa nafundisha Amri Kumi. Na Ijumaa nilimpa mwalimu mkuu barua ya kuomba kuondolewa kwenye kipindi. Naona ni uamuzi wa busara, wapo walimu wenye wito zaidi yangu.

Mvuvi Kayenze
Madam shikamoo. Ushaandika barua, sasa ushauri unaoomba ni wa nini? Halafu niulize: mtumbwi ulikuwa wa nani? Huku kwetu mtu akizama, kabla hata hajapatikana watu wameshataja jina la tajiri. Wewe umesema "alizama" ukapita.

MadamWaZiwani
Marahaba. Hilo halihusiani na kipindi cha dini.

Mvuvi Kayenze
Linahusiana, ndiyo maana umelikwepa.

MadamWaZiwani
Basi. Mtumbwi ni wa mume wangu. Ana mitumbwi miwili, huyo baba alikuwa kibarua wetu miaka minne. Msiba ulipotokea mume wangu alitoa jeneza, gunia la mahindi na laki tatu. Matajiri wengine hata msibani hawafiki. Na kila mvuvi anajua ziwa, hakuna aliyelazimishwa kwenda. Mtoto hajui mtumbwi ulikuwa wa nani. Au labda anajua. Ndiyo maana nasema apate mwalimu mwingine.

Mama Kirumba
Mungu wangu.

Mpima Maneno
Samahani wakuu, mimi naona hii ni chai, stori ya kutunga. Mtoto anauliza swali zuri kama mahubiri ya Pasaka, mwalimu anakuwa mke wa tajiri, kila kitu kinaangukia mahali pake. Madam, usiku ule mwezi ulikuwaje?

MadamWaZiwani
Mbalamwezi. Niliwaona wakiondoka.

Mpima Maneno
Nilijua! Dagaa wanavuliwa giza kwa taa, mbalamwezi watu wanalala nyumbani. Mods fungeni uzi.

Kijana wa Igoma
Chai ya tangawizi kabisa. Tumelizwa bure.

Ibara ya 19
Hata mimi nilihisi. Na swali langu halijajibiwa.

MadamWaZiwani
Nani amesema dagaa? Walikwenda kutega nyavu za sangara. Waliondoka saa kumi na mbili jioni ziwa likiwa shwari, upepo ukaanza saa nane usiku. Walikuwa watatu. Wawili walishika madumu ya mafuta mpaka asubuhi. Usiponiamini ni sawa, lakini usimguse yule mtoto.

Mvuvi Kayenze
Mpima Maneno, sangara hatungoji giza. Na upepo wa usiku wa manane ndio unaotuua, jioni unaondoka maji kama kioo. Mimi namwamini. Madam, walishika madumu. Laifu jaketi zilikuwa wapi?

MadamWaZiwani
Zipo nne. Zipo stoo nyumbani kwetu. Mume wangu alisema zikikaa mtumbwini zinaibwa, kwa hiyo hutolewa siku ya ukaguzi. Nilikuwa nazisogeza kila nikichukua unga.

Mpima Maneno
Nimekosa, mwalimu. Niwie radhi.

Katekista Nyakato
Mwalimu, kumbe yule mtoto amemuuliza Yesu swali ambalo wewe ulikuwa na sehemu ya jibu lake stoo. Sisemi hivyo kukuumiza. Ukihama kipindi, mtoto ataona swali lake limemfukuza mwalimu, na hatauliza tena popote. Kaichukue barua kesho asubuhi. Na kabla ya kumfundisha mtoto, nenda kwa mama yake. Nenda na mumeo kama atakubali, asipokubali nenda peke yako. Usiende na Biblia. Mwambie habari ya stoo.

MadamWaZiwani
Nikimwambia hivyo nimemshtaki mume wangu. Ndoa yangu je? Na mwalimu mkuu akisikia?

Mama Kirumba
Mdogo wangu, huyo mama analala na swali lake kila usiku. Laki tatu haikulijibu.

Mvuvi Kayenze
Na vibarua wanaokwenda leo? Mtumbwi umeshatoka au bado?

*(saa nne baadaye)*

MadamWaZiwani
Sikumjibu mtu kwa sababu nilikwenda mwaloni. Mtumbwi mmoja ulikuwa haujatoka. Nimewapa vijana jaketi tatu, ya nne ina mkanda uliokatika, nitaipeleka kwa fundi cherehani. Mume wangu alisimama pale akaniangalia, hakusema neno mbele ya watu. Tumerudi nyumbani kila mtu na njia yake. Kwa mama wa mtoto nitakwenda Jumamosi, nimeshamtumia ujumbe kwamba nakuja, amejibu "karibu mwalimu" tu.

Barua nitaichukua. Lakini kesho kipindi cha tatu ni dini, Katekista. Narudi Marko 4? Naanzia wapi?

Katekista Nyakato
Anzia mstari wa 36, ule tunaouruka wote. Unasema vyombo vingine vilikuwako pamoja naye. Ziwa lile la Galilaya lina kilomita za mraba kama 166 tu, letu linapita 68,000, lakini hata kule hawakuwa peke yao usiku ule. Waache watoto wavichore vile vyombo vingine, wawaweke watu wao humo.

MadamWaZiwani
Akiniuliza kama vilifika?

Katekista Nyakato
Marko hakuandika. Mwambie hivyohivyo, halafu usitoke nje.