Likizo ya Mwanza na mtoto anayeugua: safari za mbali ziwekwe mwanzoni

Ndugu zangu,

Dada yetu wa Uppsala anapanga kuwapeleka watoto nyumbani mwezi Agosti kwa majuma manne, na ratiba aliyotutumia ni hii: majuma mawili ya kwanza kwa wazazi wake Nyakato, mjini Mwanza, juma la tatu kisiwani Ukerewe kwa bibi, kisha siku chache Serengeti kabla ya kurudi Mwanza na kupanda ndege. Waliotangulia kumjibu wamezungumzia bei za tiketi na uzito wa mizigo, na sina la kuongeza hapo. Ninaomba niseme juu ya mpangilio wenyewe. Karibu sote tunapanga hivyo, kwa kuwa heshima inataka wazee waamkiwe kwanza na matembezi yafuate; lakini kwa mtoto aliyezaliwa huku ugenini, mpangilio huo unamweka mbali na hospitali kubwa katika siku zilezile ambazo malaria huwa imepata nafasi ya kujitokeza.

Sababu imo katika mwendo wa ugonjwa wenyewe. Vimelea vya malaria ya kwetu, baada ya mbu kuuma, hukaa kwanza kwenye ini, na homa kwa kawaida haitokei kabla ya siku 7. Kwa wengi huja baada ya siku 10 hadi 14, na kwa wengine huchelewa hata mwezi au zaidi. Mtoto aliyeumwa na mbu usiku wa kwanza Nyakato atashinda juma zima akiwa mzima, atacheza na binamu zake, na nyote mtaanza kuamini kwamba ameshazoea. Homa itamkuta juma la pili au la tatu, na ikichelewa kidogo tu itamkuta akiwa kisiwani, au kwenye kambi ndani ya lango la Ndabaka, la upande wa magharibi wa Serengeti. Watoto wetu hawana kinga yoyote dhidi ya ugonjwa huu, na sisi tuliokulia kando ya ziwa, tukishakaa Ulaya miaka kadhaa, kinga tuliyokuwa nayo hupungua, kwa hiyo mtu mzima asijihesabu kuwa yuko salama kwa sababu tu alizaliwa Igoma.

Kwetu ilitokea hivyo. Tulikuwa Ukerewe kwa mama mkwe wangu, mbali kidogo na mji wa Nansio, binti yetu mdogo alipoanza kutetemeka baada ya chakula cha jioni. Alikuwa akipewa dawa ya kinga kila siku, lakini siku chache zilizotangulia alikuwa ameharisha na kutapika, na huenda baadhi ya vidonge havikukaa tumboni. Mhudumu wa zahanati ya jirani, ambaye ninamshukuru hadi leo, alimtoboa kidole na kudondosha damu kwenye kipimo cha haraka, nasi tukakaa tukikitazama chini ya mwanga wa simu: mstari wa kwanza ukajitokeza, kisha, taratibu, wa pili, maana yake malaria ipo. Alimwanzishia palepale dawa ya mseto, vidonge vya kutibu malaria. Mama mkwe alichemsha maziwa, kwa kuwa mwili huipokea mseto vizuri zaidi ikiandamana na kitu chenye mafuta, lakini mtoto alitapika maziwa na dawa pamoja, akarudiwa dozi, akatapika tena. Hapo mhudumu akasema wazi kwamba mtoto ambaye dawa haikai tumboni anahitaji sindano, na kwamba tusisubiri kupambazuke.

Shemeji alitafuta gari usiku huohuo, tukafika Nansio, na mtoto akachomwa sindano ya kwanza ya artesunate, dawa ya malaria kali. Asubuhi tuliambiwa ni vyema tuvuke naye, kwa hiyo tulipanda meli ya Mwanza, safari ya zaidi ya saa tatu, naye amelala kwenye benchi juu ya khanga iliyokunjwa mara nne, mkono wenye sindano ya dripu umefungwa plasta hadi kwenye kiwiko. Alilazwa mjini, akamaliza sindano, kisha akapewa mseto kamili, dozi sita kwa siku tatu, na akapona vizuri. Serengeti ilikufa, na malipo ya awali ya kambi hayakurudi. Siku ya ndege ilipofika daktari hakumruhusu kusafiri.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa dada ni kwamba ageuze ratiba yote. Akifika Mwanza, alale, awaamkie wazazi siku mbili, kisha aende Serengeti au Ukerewe ndani ya juma la kwanza, na majuma ya mwisho yote ayaweke mjini, ambako Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda, na Sekou Toure, ya mkoa, zinafikika kwa gari wakati wowote wa usiku. Najua atasema kwamba watoto wetu huharisha mapema, mara nyingi katika siku zilezile za kwanza baada ya kubadilisha maji na chakula. Ni kweli, lakini ugonjwa huo dawa yake unaweza kuibeba begani: paketi za ORS za kurudisha maji na chumvi mwilini, vidonge vya zinki, na maji safi ya kutosha, ukiwa macho kuona dalili za kuishiwa maji au damu kwenye choo. Malaria kali haibebeki hivyo. Tena mbu atakayemuuma mtoto Serengeti katika juma la kwanza, homa yake itaelekea kutokea wakati mko mjini tayari.

Jambo gumu kuliko dawa ni wazee. Baba atauliza imekuwaje wajukuu wakaone tembo kabla ya kukaa naye, na swali hilo lina haki yake, kwa sababu amewasubiri kwa muda mrefu na pengine ameshatenga mbuzi na kuwaalika ndugu wa kutoka Magu. Ninashauri aambiwe mapema, miezi kabla ya safari, kwa simu ya taratibu na siyo kwa ujumbe mfupi, na kila mmoja azungumze na wazazi wake mwenyewe: wewe na baba yako, mume wako na mama yake. Mweleze sababu halisi, kwamba ni afya ya mtoto. Wazee wetu wameuguza malaria maisha yao yote, na wengi wamezika watoto kwa ajili yake. Wanaielewa homa ya usiku kuliko sisi tunaosoma vijitabu vya wasafiri. Mama mkwe wangu, nilipomweleza jinsi tunavyofikiria kupanga safari ijayo, alisema mwenyewe kwamba afadhali tufike kwake mwanzoni tukiwa na nguvu, kisha yeye avuke kuja kumalizia likizo nasi mjini. Hilo la kumleta bibi Mwanza ninalipenda sana, kwa kuwa nauli yake ni ndogo kuliko gharama ya kuhamisha familia nzima, naye hupata nafasi ya kuonana na watoto wake wengine.

Mzungumze pia mapema kuhusu nani atakuwa na neno la mwisho mtoto akiugua. Wodini kwetu walifika shangazi, wifi na majirani, kila mmoja kwa upendo wa kweli na kwa ushauri wake, na yupo aliyesisitiza mtoto apewe dawa ya mizizi juu ya dawa za hospitali. Mume wangu ndiye aliyezungumza na upande wake, kwa upole na kwa lugha yao, na hakuna aliyeondoka na kinyongo. Mke akilazimika kuwajibu ndugu wa mume akiwa peke yake, tena amekesha, mambo huharibika bila sababu.

Kuhusu fedha na karatasi, nitasema yale yaliyotusaidia. Bima ya afya ya umma ya Ujerumani hailipii matibabu Tanzania, kwa hiyo tulikuwa na bima ya safari ya binafsi. Nyingi kati ya hizo huhesabu idadi fulani ya siku tangu mlipoondoka, basi hakikisheni kwamba idadi hiyo inazidi likizo yenu, kwa sababu ugonjwa hurefusha safari. Pigeni simu ya dharura ya bima kabla ya kulazwa au mara tu mkishalazwa, mpewe namba ya kumbukumbu ya suala lenu. Hospitali itataka malipo ya awali, kwa hiyo muwe na fedha inayofikika mkononi au kwenye simu, na mdai risiti ya mashine ya EFD, ile ya kodi, kwa kila kitu, hata bomba la sindano lililonunuliwa duka la dawa la nje ya geti. Mkiruhusiwa, ombeni muhtasari wa matibabu kwa Kiingereza, wenye tarehe, majina ya dawa na matokeo ya vipimo. Karatasi hiyo moja ilitumika kwa bima, kwa shirika la ndege, kwa shule ya binti yetu iliyokuwa imeshafunguliwa, na kwa mwajiri wangu. Hapa Ujerumani siku za likizo ulizougua wewe mwenyewe ukiwa na cheti cha daktari hazikatwi kwenye likizo yako, mradi umtaarifu mwajiri bila kuchelewa.

Tiketi nazo zinahitaji uangalifu. Msiache tu kutokea uwanjani, kwa sababu shirika la ndege kwa kawaida hufuta vipande vyote vilivyobaki vya tiketi ya abiria ambaye hakupanda kipande kimoja bila taarifa. Mkinunua Mwanza hadi Dar es Salaam kwa tiketi moja na Dar es Salaam hadi Ulaya kwa nyingine, mtalazimika kubadilisha zote mbili, kila moja kwa masharti yake. Angalieni vilevile tarehe ya mwisho ya kadi zenu za ukaazi kabla ya kuondoka, maana kadi ikiisha mkiwa hospitalini, hamtapandishwa ndege hata mgonjwa akiwa amepona.

Ndugu yenu wa Würzburg

---

Dada yangu wa Würzburg,

Shikamoo, na pole sana kwa yaliyowapata. Nimempigia baba jana. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama mbuzi anaweza kusubiri juma la pili, nami nikamwambia anaweza. Tutaanza na Serengeti, na bibi wa Ukerewe atavuka kuja Nyakato.

Kwa wenzangu wa Sweden: bima ya nyumba ya hapa kwa kawaida ina bima ya safari ndani yake kwa siku 45 za kwanza, kwa hiyo someni mkataba wenu kabla ya kununua nyingine. Naomba kuuliza mambo mawili. Watoto wanatamani kuogelea ziwani, na kaka yangu anasema ufukwe ukiwa na mchanga hakuna kichocho. Je, ni kweli? Pili, tukisharudi, tukae na wasiwasi kwa muda gani?

Mdogo wako wa Uppsala

---

Marahaba, mdogo wangu,

Nimefurahi sana kusikia habari za baba.

Mchanga haumzuii konokono anayebeba vimelea vya kichocho. Konokono hukaa kwenye majani na maji yaliyotulia karibu na ukingo, na vimelea anavyotoa huogelea vyenyewe, vikapenya ngozi ndani ya dakika chache. Mimi ningewaambia watoto wasiingie ziwani, wapande mtumbwi wa injini hadi kisiwa cha Saanane, wakae kwenye mawe, waogelee kwenye bwawa la hoteli lenye klorini. Wakiingia ziwani hata hivyo, kwa kuwa watoto ni watoto, usiwape praziquantel, dawa ya kichocho, siku ya pili yake, kwa sababu dawa hiyo huua minyoo iliyokwisha kukomaa. Wapelekeni kwa daktari wa magonjwa ya tropiki baada ya majuma sita hadi nane, wapimwe kwanza.

Kuhusu kurudi, kwanza maliza dawa za kinga kama ulivyoandikiwa: atovaquone na proguanil huendelea siku 7 baada ya kuondoka, doxycycline majuma manne. Mwanafamilia yeyote akipata homa katika miezi mitatu ya kwanza, hata ndogo, hata ikifanana na mafua, mpeleke siku hiyohiyo na useme mlangoni, kabla ya kuulizwa, kwamba ametoka Tanzania na unataka apimwe malaria kwa hadubini. Würzburg ni mji rafiki wa Mwanza tangu 1966 na hapa wapo madaktari wanaoifahamu Bugando kwa macho yao, lakini katika miji mingine daktari wa zamu anaweza kuandika mafua na kuwarudisha nyumbani. Usikubali kuondoka bila kipimo. Kipimo cha kwanza kikiwa safi na homa ikiendelea, kirudiwe kesho yake na kesho kutwa.

Na iwapo mtoto atakuwa amechomwa artesunate huko, mwambie daktari wa Uppsala jina hilo la dawa, ampime wingi wa damu kila juma kwa mwezi mmoja, kwa kuwa kwa baadhi ya wagonjwa chembe nyekundu huvunjika majuma kadhaa baada ya kupona. Binti yetu alipimwa hivyo, na damu yake ilikuwa sawa.

Niandikie mkishapata tarehe ya kambi, nikutumie namba ya dereva aliyetuhudumia.

Dada yako wa Würzburg