Kuku wa Kihindi alishawahi kukushinda nyumbani? Tupeane uzoefu

MamaNasra
Habari za jioni wapendwa. Leo napita uchochoro mmoja Upanga nikakutana na harufu ya kitunguu kinakaangwa na bizari nyembamba, nikasimama kabisa kama nimeitwa. Nimemkumbuka kuku wangu wa masala wa kwanza. Kitunguu nilikikaanga mpaka kikawa kahawia, nyanya zikaiva mafuta yakajitenga juu, kila kitu sawa, halafu nikachukua mtindi baridi wa kwenye friji nikaumimina wote mara moja kwenye sufuria inayochemka. Dakika haijaisha mchuzi umekatika, chengachenga nyeupe zinaelea kwenye maji. Na wageni wako sebuleni wananisubiri. Nililia jikoni jamani. Nyie yaliwakuta yapi?

FundiBomba
Mtindi. Umenitonesha kidonda dada.

Msafiri_Ars
Mimi ni viungo kuungua. Tulikuwa geto tunasoma chuo, jiko la gesi la plati moja, video inasema tia viungo vya unga kwenye mafuta, mafuta yangu yalikuwa yameshaanza kutoa moshi mimi sikujua kama ni tatizo. Nikatia manjano, pilipili ya unga na giligilani, vyote vikawa vyeusi kabla sijashika mwiko. Moshi wa pilipili ukajaa chumba, watu watano tukakimbilia nje tunakohoa mpaka baba mwenye nyumba akatoka na kikoi kuuliza kuna nini. Hela ilikuwa imeisha kwa hiyo nikaendelea hivyohivyo, mchuzi mchungu kama shubiri na tukaula. Siku hizi nakoroga viungo na maji kidogo kwenye kikombe kwanza viwe kama uji ndio natia kwenye kitunguu, haviungui tena.

shangazi_Likoni
Hapo kwa kukoroga na maji umenena mwanangu. Mamangu alifanya hivyo miaka yote, na video hakuwahi kuiona.

Binti_Muheza
Maelekezo yalisema dakika 25 kuku yuko tayari, hawakusema kuku gani. Mimi nilikuwa na jogoo wa kienyeji kutoka kwa babu. Saa mbili na nusu baadaye nyama inavutika kama mpira na masala yote yameshagandia chini ya sufuria. Kienyeji mchemshe kwanza na tangawizi na chumvi mpaka alainike, halafu ile supu yake ndio uitumie badala ya maji.

FundiBomba
Au mlaze na papai bichi usiku kucha.

Binti_Muheza
Usiku kucha hapana! Saa moja au mbili basi. Mimi nililaza usiku kucha kuku wa kisasa, asubuhi nyama inabomoka mkononi, haina hata nyuzi. Tangawizi mbichi ikizidi nayo inafanya hivyohivyo.

Zuu_wa_Pongwe
Naomba niandike refu maana hili sijawahi kumsimulia mtu. Nilikuwa na miezi minne kwenye ndoa. Mama mkwe anatoka Pemba anakuja kuniona kwangu kwa mara ya kwanza, na mume wangu ameshamsifia kwamba mke wangu anapika vya Kihindi hujapata kuona. Nikatafuta kwenye simu nikapata kuku wa mchuzi mzito, kwenye viungo kuna kitu kinaitwa hing. Nikamuuliza muuza duka akaniambia hing ndio mvuje, ule utomvu mkavu wenye harufu kali. Nikafurahi, mvuje mbona ninao, kipande kilibaki tangu tulipomfunga mtoto wa dada yangu kwa ajili ya kijicho. Maelekezo yanasema nusu kijiko cha chai. Nikakitwanga kwenye kinu, nikapima nusu kijiko nikatia kwenye mafuta ya moto.

Ile harufu haikupanda, ililipuka. Nyumba nzima ikawa kama kwa mganga. Nikafungua madirisha yote, nikatia iliki, nikatia mdalasini, nikaongeza karafuu sita, nikaona haitoshi nikafukiza udi sebuleni na hapo ndio nikaharibu kabisa. Saa saba mama anaingia. Viatu hajavua. Akasimama mlangoni akavuta pumzi, akamtazama mwanawe akamuuliza taratibu, "Humu ndani nani anaumwa?" Mume wangu akasema hakuna. Akanigeukia mimi. "Basi mnafukuza nini?" Nikaanza kueleza mambo ya hing na simu na duka, ulimi umekuwa mzito, kila ninavyoeleza ndio naonekana mwongo. Akatoa tasbihi kwenye mkoba, akakaa kiti cha karibu na mlango akawa anasoma midomo inacheza. Kuku wangu yuko mezani anatoa moshi. Jioni wifi zangu wawili wakanipigia, kila mmoja kwa wakati wake, kuniuliza kama nyumbani kuna jambo.

MamaNasra
Ya Rabi. Mtindi wangu sio kitu tena.

Msafiri_Ars
Mkwe alikula??

Mama_Leicester
Pole sana Zuu, kosa si lako. Ule wa kikopo unaouzwa kwa Wahindi umechanganywa na unga wa ngano au wa mchele, ndio maana wanapima kwa kijiko. Wa kipande ni utomvu mtupu. Unatosha chembe kama kichwa cha njiti ya kiberiti, kwenye mafuta, sekunde chache harufu inageuka kuwa kama ya kitunguu na saumu. Ndio maana Wajaini, watu wa dini moja ya India, wanautumia sana kwenye dengu, wao kitunguu na saumu hawali.

Kassim_K
Kwenye kuku hauwekwi kabisa mvuje. Ni wa dengu na mboga.

Mama_Leicester
Usiseme kabisa kaka. Mapandit wa Kashmir, Wahindu wa huko, wanapika rogan josh, mchuzi wao wa nyama, bila kitunguu wala saumu, na mvuje wanatia kwenye nyama.

Kassim_K
Hiyo ni mbuzi. Hapa tunazungumzia kuku.

Msafiri_Ars
Jamani mkwe alikula au hakula?

shangazi_Likoni
Mbona mnajitesa, pikeni kuku wa kupaka. Mchome kwenye makaa, mpake tui zito lenye saumu, manjano na ndimu, mgeuze umpake tena. Tui halikatiki kama huo mtindi wenu.

Mama_Leicester
Shangazi tui nalo linakatika ukiacha kukoroga. Halafu jirani yangu hapa ni bibi wa Kigujarati, Amin aliwafukuza Uganda 1972, mpaka leo Kiswahili anakiongea. Anamwita kuku paka na anasema ni chakula cha kwao.

shangazi_Likoni
Cha kwao! Jina la Kiswahili, nazi ya pwani, anapakwa kwa Kiswahili, kiwe cha kwao vipi?

Kassim_K
Iliki na manjano vimetoka wapi shangazi?

shangazi_Likoni
Ugali nao mahindi yake yalitoka bara la Amerika, basi nao si wetu?

FundiBomba
Wahindi wenyewe wameburuzana Mahakama Kuu ya Delhi 2024, mikahawa miwili inagombania nani alianza butter chicken, kuku wa mchuzi wa siagi na nyanya. Hapa hatutaimaliza leo.

Binti_Muheza
Turudi kwa mtindi, MamaNasra hajasaidiwa. Utoe kwenye friji mapema uishe baridi yake, upige na uma mpaka ulainike, tia kijiko kimoja cha unga wa dengu, punguza moto mpaka mchuzi utulie, ndio uweke kijiko kijiko huku unakoroga. Na uwe wa maziwa yenye mafuta yake.

Kassim_K
Mimi naweka mtindi kwenye kuku mbichi tangu mwanzo na sijawahi kukatikiwa. Kumimina mwishoni ndio shida.

MamaNasra
Asanteni, kesho najaribu ya Binti, Jumapili ya Kassim.

Zuu_wa_Pongwe
Mnaouliza kuhusu mkwe. Alikula wali na kachumbari, kuku hakumgusa na mimi sikumlazimisha. Nilimwaga wote, kilo mbili na nusu. Ile sufuria nimeisugua kwa majivu na ndimu siku tatu ndio harufu ikatoka, ila kinu kimekataa, mpaka leo natwangia humo mvuje tu.