Nimefukuzwa kazi kwa uniti nne za umeme, sasa bosi anataka nisaini kwamba nimeacha mwenyewe

Mama wa Pasua

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo. Naomba mawazo yenu, siku zinakwenda.

Nilikuwa nafua na kusafisha vyumba kwenye gesti moja hapa Moshi, inapokea zaidi wageni wa mlima. Nilianza Februari 2021. Mshahara laki moja na sitini, napewa mkononi nasaini kwenye daftari. Mkataba wa karatasi sijawahi kuuona.

Bosi anabana matumizi, na mwanzoni nilimheshimu kwa hilo, maana hata kwetu nimelelewa hivyo. Lakini kubana kwake kulikuwa kunatuumiza sisi tu. Sabuni ya unga ananipimia kwa kikombe cha kahawa, kikombe kimoja shuka nane. Mashine ya kufulia ipo, imefunikwa turubai, anasema inakula umeme. Nafua kwa mikono. Wageni wakishuka Mweka kipindi cha mvua, taulo unaikamua mara nne na maji bado ya kahawia. Januari nilikatwa elfu kumi na mbili ya jagi ambalo mgeni mwenyewe alikiri kulivunja na akalilipia kaunta.

Tarehe 8 Aprili mvua ilikuwa siku ya tatu haijakatika. Shuka nilizianika kwenye korido, na wageni sita walikuwa wanarudi saa tisa. Shuka ukiigusa kwa kiganja inakudanganya, mimi huwa naiweka shavuni. Zote zilikuwa na ule ubaridi wa maji. Nilimpigia bosi mara mbili, hakupokea. Nikachomeka pasi, nikazipiga shuka kumi na mbili mpaka zikakauka, saa nne mpaka saa saba. Mtu ametoka kulala kwenye baridi ya mlima, nimlaze kwenye shuka mbichi?

Jioni akasoma mita ya LUKU kama kawaida yake na kukuta uniti nne zaidi. Hazifiki shilingi elfu mbili. Akaniita mwizi wa umeme mbele ya mlinzi na mbele ya guide aliyeleta wageni. Saa tatu usiku ikaingia meseji: "Kesho usije, nimepata mtu."

Jana ameniita. Atanipa elfu sitini, nisaini barua kwamba nimeacha kazi kwa hiari yangu. Hela naihitaji, shule wanadai mchango wa chakula cha mtoto. Lakini lile neno mwizi haliniachi hata usiku. Gesti za Moshi zinajuana, nitaombaje kazi kwingine? Nisaini?

Fundi Majengo

Pole sana mama. Mimi ningechukua hiyo elfu sitini. Kesi na mwenye hela ni nauli kila wiki, na mwisho unachoka wewe. Mtoto ale kwanza.

Jikoni Njiro

Fundi, naelewa unakotoka, lakini hapana. Dada, usisaini. Nakuomba kabisa.

Nilikuwa mpishi hoteli moja Arusha. Mwaka 2019 nilifukuzwa kwa kisa cha mafuta ya kukaangia, nikakaa nyumbani siku 41 nikisubiri bosi apoe. Nilipofika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hii tunayoiita CMA, nikaambiwa anayelalamikia kufukuzwa ana siku 30 tu. Nikajaza maombi ya kuongezewa muda, natakiwa kueleza kila siku niliyochelewa. Nieleze nini? Yalikataliwa. Kila nikipita Njiro naiona ile hoteli.

Hesabu yako ni hii: umefukuzwa tarehe 8, leo ni Muungano tarehe 26, umebakiwa na siku 12 na katikati kuna Mei Mosi. Jumatatu asubuhi uwe CMA hapohapo Moshi. Ni bure, na huhitaji wakili. Utajaza Fomu Namba 1, nakala moja mpelekee bosi asaini kupokea. Akikataa, itume kwa posta kwa rejista na utunze risiti.

Sasa kwa nini anataka uandike umeacha mwenyewe? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mwajiri akikuachisha baada ya mwaka mmoja au zaidi, anakulipa kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara kwa kila mwaka uliotimia. Wewe una minne, ni siku 28. Na kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi ni siku 28, asipokupa anailipa. Ukisaini umeacha kwa hiari, hivyo vyote unavifuta kwa mkono wako kwa elfu sitini. Ukikutwa na kosa la wizi kweli, kiinua mgongo unakosa, lakini kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa halali ni kazi yake, si yako. Alikuita ukajitetea? Pasi uliichomeka kwa ajili ya wageni wake!

Mama wa Pasua

Hakuniita popote, kaka. Nimesoma nikatetemeka. Lakini sina mkataba, nitathibitishaje kama nilikuwa mfanyakazi? Daftari analo yeye.

Jikoni Njiro

Mkataba wa maandishi ni wajibu wake, na asipouleta, mzigo wa kupinga unachosema wewe unamrudia yeye. Meseji usiifute. "Nimepata mtu" maana yake nafasi ilikuwa yako na ameitoa. Ipige picha, itume kwa ndugu. Na mlinzi, atasema alichosikia?

Dada wa Kiboriloni

Mama, na likizo je? Kila mwaka una siku 28, kama hukupewa ziandike kwenye madai. Ile ya jagi pia, kukatwa kwa ajili ya uharibifu lazima uwe umekubali kwa maandishi. Na dai cheti cha utumishi, ni haki yako. Hicho ndicho cha kuonyesha gesti nyingine.

Mama wa Pasua

Likizo nilipewa mara moja tu, wiki mbili, nilipofiwa na baba.

Nimeongea na mlinzi jioni hii. Aliogopa mwanzoni, ana watoto watatu. Halafu akasema, "Mama, mimi nilikuona unaziweka zile shuka shavuni. Nitasema." Nimelia.

Bosi kapiga simu kuuliza nakuja lini kusaini. Nimemjibu kwa heshima kwamba siji. Jumatatu saa mbili niko CMA, mdogo wangu atanisindikiza.