Nimerekodi wimbo chumbani, kila mtu anasema "moto" tu. Naomba masikio ya kweli

BintiMachungwa

Habari za jioni wadau, poleni na majukumu. Naomba mniazime masikio. Nina wimbo nimeurekodi mwenyewe chumbani, dakika tatu na sekunde kumi, nimetumia simu na app ya kurekodia ya BandLab, biti nimeishusha YouTube imeandikwa ni ya bure, maiki ni hiyo hiyo ya simu nimeiegemeza kwenye rundo la vitabu mezani, masikioni nilivaa hedifoni za Bluetooth. Wimbo unamhusu mama angu, anauza machungwa hapa Muheza kwenye barabara ya kwenda Tanga, basi likisimama tu wanalikimbilia madirishani na vikapu. Kiitikio ni hiki:

*Nasimama barabara, macho yatazama basi*
*Jua limeshanichoma, ningali na wasiwasi*
*Machungwa yameshanibakia, nayauza kwa rahisi*

Nimewatumia watu kama 30 kwenye magrupu, majibu ni moto, umetisha, dada unajua, basi. Mmoja tu ndo kaniambia "kuna kitu hakijakaa sawa ila sijui ni nini" na hilo neno limeninyima usingizi siku tatu mana hata mimi nakisikia hicho kitu na sijui ni nini. Mwaka jana nilienda studio moja ya mjini nikalipa elfu 50, nikaimba mara mbili prodyuza akasema inatosha mengine tutarekebisha kwenye mashine, nilipopewa wimbo mama akauliza huyu anayeimba ni nani. Kwaiyo safari hii nataka nijue makosa yangu mwenyewe kabla sijampelekea mtu yeyote hela. Linki nimeweka hapo chini. Niambieni ukweli, sitachukia.

kijana_wa_kisauni

Dadangu nimeuskiza mara nne, mara mbili kwa earphone, mara moja kwa spika ya simu na mara moja kwa gari. Hicho kitu unachokiskia na hukijui, nusu yake nadhani ni hizo hedifoni za Bluetooth. Biti ikitoka kwa simu inachukua muda kidogo kufika maskioni mwako, sehemu ndogo tu ya sekunde, lakini wewe unaimba ukifuata ile iliyochelewa, kwa hivyo sauti yako inarekodiwa ikiwa nyuma ya ngoma wimbo mzima, na iko nyuma kwa kiasi kile kile kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ndio maana mtu hawezi kusema umekosea wapi, hakuna mahali ulipokosea, wimbo wote umeteleza. Hutakiwi kuimba upya kwa hilo. Fungua mradi wako, shika traki ya sauti uisogeze kushoto kidogo kidogo mpaka "Na" ya "nasimama" ianguke pamoja na kiki, ile ngoma nzito ya chini. Ukirekodi tena tafuta earphone ya waya, hata ile ya bei ya chini kabisa ya barabarani.

La pili ni chumba. Naskia kuta za tofali tupu na sakafu ya simenti, sauti inagonga inarudi, kwa spika ya simu unaskika kama uko ndani ya tangi la maji. Simamisha godoro nyuma yako (nyuma yako, si nyuma ya simu, kwa sababu sauti iliyokupita ndiyo inarudi kuingia kwa maiki), na blanketi mbili juu ya mlango na dirisha. Na feni uzime, inavuma chini chini, utaiskia pale 0:00 hadi 0:06 kabla hujaanza kuimba.

Usinunue maiki bado. Najua utaambiwa ununue maiki za kondensa za bei nafuu, hizo nyingi zinataka umeme wa volti 48 ambao simu haitoi, na ukishaupata basi itaskia kuku wa jirani, pikipiki na mwangwi wote huo wa chumba vizuri zaidi kuliko simu. Godoro kwanza.

Mzalendo_Halisi

Mi naona kali tu, achia sister. Watu wanakuza mambo

BintiMachungwa

@kijana_wa_kisauni nimeisogeza sasa hivi kama ulivosema yani nimekaa kitandani nimeshika mdomo. Ni ile ile sauti yangu ila sasa inatembea na ngoma. Asante sana kaka angu.

@Mzalendo_Halisi asante kaka, ila naomba unisaidie, kali sehemu gani?

Mzalendo_Halisi

Umenifanya nirudi kusikiliza. Ni pale 1:34 unaposema viatu vya mama vimeliwa upande mmoja. Nilisimamisha wimbo nikampigia bimkubwa. Hapo usiguse hata herufi moja

MzeeWaSanturi

Mwanangu, mie sijui mambo ya kompyuta, ila nimekulia Ng'ambo, Unguja, na nyumba yetu ilikuwa na taarab asubuhi mpaka usiku, basi nitasema ninachokijua.

Kwanza hongera, umetunga kwa mishororo mitatu, mizani nane kwa nane, na kina cha mwisho umekishika, -si, -si, -si. Hivyo ndivyo nyimbo zilivyokuwa zikitungwa na sijui kama ulikusudia au masikio yako tu yamekulea. Lakini hesabu mshororo wa tatu. Ma-chu-ngwa ya-me-sha-ni-ba-ki-a. Kumi. Ndio maana ukifika pale unakimbia, unameza "sha" na "ni" ili uwahi, na msikilizaji anabaki na nusu ya neno. Sema "Machungwa yamebakia", nane kamili, na maana haikupotea kitu.

La pili ndilo kubwa. Umeimba "nasimama barabara" na tuni yako inapanda na kuvuta kwenye "ra" ya kwanza: ba-RAAA-ba-ra. Barabara ya magari mkazo wake uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, bara-BA-ra, kama maneno yetu karibu yote. Ukiupeleka kwenye ile "ra" ya kwanza umeshasema neno jengine, baRAbara, yaani sawasawa, madhubuti. Ni kama walakini, waLAkini ni "lakini" na walaKIni ni kasoro. Mie mara ya kwanza nilisikia mama kasimama madhubuti, halafu likaja basi, nikajiuliza basi limetokea wapi. Mtu asiyejua kulisema hilo atakwambia tu kuna kitu hakijakaa sawa.

Dawa si kubadili maneno. Badili tuni, noti ya juu ihamishie silabi moja mbele ikae kwenye BA. Soma mishororo yako kwa sauti ya kawaida mara kumi kama unamhadithia mtu, sikiliza sauti yenyewe inataka kupanda wapi, kisha ndiyo uimbe.

Na usiogope kurudia. Siti binti Saad na wenzake walisafiri mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, upande mmoja dakika tatu na kidogo, huwezi kukata kipande ukabandika kingine. Wewe godoro unalo, simu unayo, imba mara arubaini.

fundi_mitambo

Naongezea dogo kuhusu biti maana hapa wengi tunaumia. Ile "bure" ya YouTube mara nyingi maana yake ni bure kwa kujifunzia na kuwapa watu wasikilize, siku ukiiweka kwenye majukwaa ya kulipa mwenyewe anajitokeza na wimbo unaondolewa. Soma maelezo yake chini ya video, kama kuna anwani mwandikie uombe ruhusa kwa maandishi au ununue leseni yake. Na maneno na tuni ni yako, ukishamaliza nenda kasajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kingine, ukirekodi usiache mita ya sauti ipande mpaka nyekundu, iache icheze chini ya desibeli -6, kwenye 2:20 umepaza sauti imepasuka na hiyo ikishapasuka hakuna wa kuishona.

BintiMachungwa

Wadau nimerudi, zimepita siku tisa.

Nimefanya kila kitu. Godoro nyuma, blanketi la mama na kanga zake nne dirishani, feni nimezima nikawa natoka jasho hadi kwenye kope, earphone za waya nimeazima kwa mdogo wangu. Jamaa wa biti nimemwandikia barua pepe kajibu siku ya pili kwamba niitumie tu kwa kusikilizisha watu, nikitaka kuuza tuongee bei, kwaiyo nimetulia kwanza.

Mzee wangu wa santuri, shikamoo. Nimekaa na lile neno siku nzima. Nilikua silisikii kabisa, nilipolisoma kwa sauti ya kawaida ndo nikashtuka kwamba sijawahi hata siku moja kulitamka nilivyoliimba. Nimeihamisha noti kama ulivosema kwenye kiitikio cha kwanza na cha pili. Ila kile cha mwisho, baada ya ule ubeti wa viatu, nimekiacha kama kilivyokua, baRAbara, kwa makusudi. Kwasababu mama yangu kweli anasimama hivo. Amesimama pale tangu niko darasa la tatu. Nikaona neno ni moja, herufi ni zile zile, acha lianze na njia limalizikie kwake.

Sijui kama msikilizaji atalielewa au atadhani nimesahau kurekebisha, ndo swali langu sasa. Linki mpya hiyo.

MzeeWaSanturi

Marahaba mwanangu. Nimesikiliza na wajukuu. Liache. Ila lisaidie sikio: kabla ya kiitikio hicho cha mwisho ngoma inyamaze, uliimbe neno peke yake, kisha biti irudi. Ikinyamaza watu watajua umekusudia.

kijana_wa_kisauni

Naunga mkono, na ni rahisi, kata biti mapigo manne tu kabla ya "basi" kuingia. Chumba sasa kimekaa vizuri, tangi la maji limeisha. Kitu kimoja kimebaki, 2:51, pumzi inakuishia katikati ya "wasiwasi" na "si" ya mwisho haifiki, kwa gari siiskii kabisa. Vuta pumzi baada ya "limeshanichoma", pale una nafasi ya pigo moja, halafu urekodi mshororo huo peke yake ubandike.

BintiMachungwa

Sawa kaka, narekodi alfajiri kabla pikipiki hazijaanza.