Mtangazaji anasema "TUMEshinda", yeye na nani?

MtuWaLangoni
Assalam alaykum wanabaraza. Waliokuwa uwanja wa Twaif hapa Lamu Ijumaa wanajua, fainali ya mpira ya Langoni na Shela. Sasa ripota wa redio moja hapa kwetu, jina naliacha, alikaa pembeni ya uwanja na jezi ya Shela, jezi kamili na namba mgongoni, na jioni kwenye taarifa anasema "tumeshinda moja bila". Tumeshinda wewe na nani? Ile penalti tuliyonyimwa dakika za mwisho hakuigusa kabisa. Simlilii kombe, kombe lishaenda. Swali langu ni moja tu, mwandishi wa michezo ana ruhusa kuwa shabiki waziwazi wa timu anayoiripoti?

Bi_Mkunguni
Penalti ipi? Yule kijana wenu aliteleza mwenyewe, mchanga ulikuwa mkavu. Nilikuwa nyuma ya goli kwa macho yangu.

MtuWaLangoni
Bi mkubwa swali si penalti

Bi_Mkunguni
Umeiandika wewe, si mimi.

MpwaWaNahodha
Mimi naona mwamuonea. Mpira wa redioni bila moyo ni taarifa ya hali ya hewa. Mzee Leonard Mambo Mbotela, Mungu amlaze pema, akitangaza Harambee Stars kuna mtu alikuwa hajui anataka nani afunge? Na Agosti 2025, kombe la CHAN, uwanja wa Kasarani, tumewafunga Morocco 1-0 na kipindi cha pili chote tuko 10 uwanjani, wataka mtangazaji Mkenya aseme "Kenya imeongoza" kama asoma bei ya nyanya?

Mwalimu_Mstaafu
Ndugu yangu timu ya taifa ni jambo lingine, pale msikilizaji wote ni wa upande mmoja. Hapa redio yasikilizwa Langoni na Shela pia, na Matondoni, na wote wana haki sawa ya kuambiwa kilichotokea. Wamarekani wana mwiko wao, mwandishi akiwa kwenye viti vya waandishi hashangilii. Mwaka 2011 kwenye mbio za magari za Daytona kuna aliyekuwa akiandikia jarida la Sports Illustrated, akapiga makofi kijana wa miaka 20 aliposhinda, basi kazi ikaota mbawa. Makofi tu.

kijana_wa_bandarini
makofi?? hao ndio wa kuigwa? Wamarekani hao hao Chicago walikuwa na Harry Caray anatangaza besiboli huku anaimba na mashabiki uwanjani na wakampenda mpaka anakufa. Na yule aliyekuwa wa BBC je, Lineker, si alitangaza mpira na chupi sababu Leicester wamechukua ligi

Mwalimu_Mstaafu
Bukta, si chupi. Aliahidi Desemba 2015, Leicester wakachukua Mei 2016, Agosti akatimiza. Lakini Lineker kila mtu ajua ni mtoto wa Leicester na aliichezea, hakuna aliyedanganywa.

kijana_wa_bandarini
basi na huyu wetu kavaa jezi, kamdanganya nani? angejificha ndio mngesema mnafiki

MpwaWaNahodha
😂😂 hapo mwalimu ujibu

Mwalimu_Mstaafu
Jezi si tatizo kubwa. Tatizo ni alichokiacha.

MtotoWaMalindi
Nyie Lamu mna raha. Huku Malindi ripota akivaa jezi pale uwanja wa Alaskan atarudi nyumbani bila jezi. Ila Tanzania ndio mwisho, kuna mwandishi wa Simba alihamia Yanga akaanza kuwatukana Simba

kijana_wa_bandarini
Manara? yule hakuwa mwandishi kaka, alikuwa msemaji, kalipwa na klabu. usichanganye dagaa na papa

MtotoWaMalindi
Na tofauti yake ni nini siku hizi

Bwana_Kasida
Wacha niseme jambo maana mwazungumza kama vile ripota analetwa na malaika. Mimi nilifanya kazi hiyo miaka mitatu, jina la redio silitaji. Mshahara hakuna, walipwa kwa kila habari, na habari isiyotoka hulipwi. Timu ikienda kucheza Faza nauli ya boti ni yangu mwenyewe, sina. Kwa hivyo napanda boti ya timu, nakaa nao masaa, nala wali wa nazi na samaki wao, njiani wananichekesha, nikifika wakicheza vibaya nirudi studio niseme wamecheza vibaya? Na jioni nirudi nao na boti ile ile? Jezi ile wamuonayo nayo pengine ndiyo nguo pekee aliyopewa mwaka huu. Ukitaka ripota asiwe na timu, mlipie boti.

MpwaWaNahodha
Boti gani hiyo ya kwenda Faza masaa? Ya injini ni muda mdogo. Labda mlipanda mashua ya Shela, hawajui kupiga bisha wale, wakienda na upepo ndio mabingwa, upepo ukiwapinga wanaanza kusoma dua.

Bi_Mkunguni
Astaghfirullah. Shela tena imefanya nini? Mashindano ya mashua ya mwisho nani aliyezunguka boya la kwanza?

MpwaWaNahodha
Boya la kwanza ni upepo wa nyuma hata kapu lingefika. La pili je?

fundi_matondoni
Na mashua yenyewe imechongwa wapi, tusisahau. Nyinyi wote mwashindana kwa kazi ya mikono yetu. Mbao, misumari, kalafati, yote Matondoni, kisha Shela wapaka rangi tu na kuandika jina

Bi_Mkunguni
Kuchonga na kuendesha ni vitu viwili. Fundi wa kitanda halali na bwana harusi.

kijana_wa_bandarini
😭😭😭 bi mkubwa

fundi_matondoni
Mama yangu una maneno wewe. Lakini tanga lile lilikatwa vibaya hata foromali, ule mti wa tanga, ilikuwa yapiga kelele

MtotoWaMalindi
Jamani na ripota?

fundi_matondoni
Ripota yupi

Mwalimu_Mstaafu
Bwana Kasida amesema neno zito na hakuna aliyemjibu. Nani alipe boti?

MpwaWaNahodha
Kwanza aseme ilikuwa boti ya nani.

MtuWaLangoni
Nyote mwasahau, boya la pili Shela walikwama kwenye bisha, wakageuza tanga mara tatu omo, mbele ya mashua, ikawa yaangalia nyumbani kwao, sisi tukapita kando yao taratibu kabisa, hata salamu tuliwapa. Tulishinda kwa urefu wa mashua mbili. TUlishinda na kila mtu aliona.

Bi_Mkunguni
TUlishinda? Wewe na nani, Langoni?

MtuWaLangoni
Mimi nilikuwa ndani bibi. Nimeshika kamba ya demani kwa mikono hii, malengelenge wiki nzima nashindwa kushika kijiko. Ripota wako yeye Ijumaa alicheza namba ngapi?

Bi_Mkunguni
Namba kumi. Ilikuwa mgongoni.