Baga za bata mzinga kwenye oveni zinatoka kavu, kosa liko wapi?

Mkazi_Ilazo
Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwenye baga za bata mzinga. Natumia kidari kitupu kilichotolewa ngozi, kilo 1, kinasagwa siku ileile anapochinjwa. Naweka chumvi, kitunguu saumu, yai 1 na unga wa ngano vijiko 3, nakanda mpaka ishikane. Oveni ni ya umeme ya mezani, lita 45, naweka nyuzi 180 kwa dakika 40. Matokeo: maji meupe yanajaa kwenye trei, duara linavimba katikati kama mpira, na ukitafuna unahitaji soda pembeni. Kukaanga kwenye mafuta sitaki. Nirekebishe nini?

Kisu_Butu
Mkuu, anza na nyama yenyewe. Kidari cha bata mzinga bila ngozi karibu hakina mafuta kabisa. Ng'ombe wa baga anavumilia moto kwa sababu ya mafuta yake. Kidari hakina cha kukiokoa.

Kwa kilo 1 chukua paja la juu gramu 600, kidari gramu 300 na ngozi gramu 100. Ngozi ikatwe vipande vidogo, igandishwe kidogo kwenye friza, isagwe pamoja na nyama. Ikiwa laini inajizungusha kwenye kisu cha mashine na kutoka kama uzi.

Paja la chini usisage, lipeleke kwenye supu. Lina kano ngumu kama sindano, hasa kwa dume. Zinaziba mashine, na zikipita utazikuta kwenye meno.

Na usisage siku ya kuchinja. Nyama bado imekakamaa. Ilaze kwenye friji usiku mzima, asubuhi ikate vipande, weka friza dakika 30 hadi 40 mpaka kingo ziwe ngumu, ndipo isagwe. Nyama yenye joto mashine inaiponda badala ya kuikata, mafuta yanapakaa, na maji yote yatakimbilia kwenye trei. Ukisagiwa buchani, mwambie asage mara moja tu.

Ukinunua akiwa hai, pale sokoni bonyeza ncha ya mfupa wa kidari kwa nyuma. Ikipinda, ndege bado mchanga. Ikiwa ngumu kama mti, huyo ni wa kuchemsha.

Mama_Nkuhungu
Kisu_Butu kamaliza upande wa nyama. Huo mpira unatokana na mikono yako, ndugu yangu. Chumvi ikikutana na nyama ya kusaga ikakandwa, inatoa utomvu unaonata. Kwenye soseji ndicho kinachotakiwa. Kwenye baga, moto ukiingia utomvu huo unakaza na kukamua maji nje. Yai na unga wa ngano vinaongeza ugumu juu ya ugumu, viache vyote viwili.

Weka hivi kwa kilo 1:
- slesi 2 za mkate mweupe, toa kingo
- mtindi usio na sukari, nusu kikombe cha chai pungufu kidogo
- kitunguu maji 1 cha wastani, kikatwe vidogo sana, kikaangwe mpaka kilainike, KIPOE kabisa
- mafuta ya alizeti vijiko vikubwa 2
- kitunguu saumu punje 2, pilipili manga nusu kijiko cha chai
- chumvi vijiko vya chai 2 vya kufuta, yaani gramu 12 hivi

Mkate uloweke kwenye mtindi dakika 5, uponde uwe uji mzito. Huo uji ndio unaoshika maji nyama inapojikunja. Changanya na kitunguu na viungo kwanza, pembeni, bila nyama. Nyama inaingia mwisho, chumvi unainyunyiza juu yake, unageuza kwa vidole vilivyoachana mara 15 au 20 tu. Ukiona bado kuna mabaka ya uji hapa na pale, hapo hapo acha.

Kitunguu kibichi usiweke. Kinatoa maji katikati ya duara na kulifanya lipasuke.

Yatatoka maduara 8 ya gramu 150 hivi, unene sentimeta 2, mapana kuzidi skonzi kidogo maana yatajikunja. Bonyeza shimo dogo katikati kwa kidole gumba, hutaona tena uvimbe. Funika, friji nusu saa. Kufunika ni lazima: hewa ya huko kwenu Dodoma ni kavu, uso utashika gamba.

Koili_ya_Juu
Hizo dakika 40 ndizo zilizoua. Nyuzi 180 kwa muda mrefu ni kuikausha nyama taratibu kama mchicha juani. Unataka moto mkali, muda mfupi.

Washa oveni nyuzi 220, koili zote mbili, dakika 15 kabla, trei tupu ikiwa ndani. Oveni za mezani taa huzima kabla kuta hazijapata joto, kwa hiyo usiifuate taa. Paka maduara mafuta pande zote mbili, yapange kwenye trei ya moto yakiachana sentimeta 3. Yakibanana yanapikwa kwa mvuke na hayapati rangi. Dakika 8, geuza mara moja, kisha dakika 5 hadi 7. Usiyagandamize kwa mwiko.

Muda ni wa kukadiria, kipimajoto ndicho hakimu. Kichomeke kwa ubavuni mpaka katikati. 74 toa, acha dakika 5 kabla ya kuweka kwenye skonzi. Rangi inadanganya: nyama ya bata mzinga inaweza kubaki na wekundu ilhali imeiva, na inaweza kuwa nyeupe ilhali haijafika.

Kisu_Butu
Toa kwenye 71, itapanda yenyewe ikiwa imepumzika.

Koili_ya_Juu
Kwa bata mzinga mzima nakubali, ana wingi wa nyama unaotunza joto. Duara la sentimeta 2 linapoa haraka, linaweza lisipande hata nyuzi 2. Halafu hii ni nyama ya kusaga: vijidudu vya magonjwa vilivyokuwa juu ya ngozi sasa viko hadi katikati. 74, mkuu. Ukiwa na ngozi na uji wa mkate ndani, hizo nyuzi 3 hazikaushi kitu.

Mkazi_Ilazo
Shukrani sana. Kipimajoto ninacho, ila nimekijaribu kwenye maji yanayochemka kinasoma 96, si 100. Nitupe? Na umeme ukikatika katikati ya kazi?

Koili_ya_Juu
Usitupe, kizima hicho. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye 96 hivi. Kingesoma 100 hapo ndipo ungekitilia shaka.

Umeme ukikatika usifungue mlango. Kama dakika 10 zimeshapita, joto lililobaki linaweza kumaliza. Pima baada ya dakika 6. Bado? Hamishia kwenye kikaango kikavu juu ya gesi, moto wa wastani, funika. Mafuta yaliyopakwa yanatosha. Usiyaache vuguvugu kusubiri umeme urudi.

Zabibu_Chungu
Na sisi wa oveni ya gesi, moto uko chini tu, juu panabaki peupe?

Mama_Nkuhungu
Anza na kikaango cha chuma kilichopata moto sawasawa, dakika 1 na nusu kila upande, kisha trei iingie ngazi ya juu, nyuzi 200, dakika 8 hadi 10. Kama ngozi huna, muombe mwenye bucha mafuta ya figo ya ng'ombe gramu 80 yasagwe humo. Ladha inasogea kidogo kwa ng'ombe, na uzile zikiwa za moto, maana mafuta hayo yakipoa yanaganda mdomoni.